Kimbunga kikitajwa Lamu: nipigilie mbao madirishani, nivuke Mokowe, au nikae?

*"Asalaam aleikum mtaalamu. Tunaishi Wiyoni hapa Lamu, si mbali na maji. Nyumba yetu chini ni ya mawe, juu tumeezeka makuti, na jiko la uani ni la mabati. Tuko saba: mimi, mume wangu, watoto wanne na mamangu. Mama ana sukari, anadungwa insulini kila siku, na miguu haimruhusu kutembea mbali. Mume wangu ni mvuvi, ana boti ya mashine. Kila habari ya kimbunga ikizagaa WhatsApp, kakangu aliyeko Florida hunitumia video za watu wakipigilia mbao madirishani, wakijaza maji bafuni, wakihama mji mzima. Anasema na sisi tufanye hivyo, tuache dirisha moja wazi ili upepo usipasue nyumba, kisha tuvuke tukakae Mokowe, ng'ambo ya bara. Jirani zangu wanacheka. Wanasema Lamu kimbunga hakifiki kwa sababu tuko karibu na ikweta. Nani mkweli? Na nikitaka kujitayarisha, nianze wapi?"*

Waaleikum salaam dada yangu. Kakako ana ukweli wake na jirani zako wana wao, ila ukifuata kila upande peke yake, nyumba yako itabaki na pengo. Kakako anakutayarishia upepo wa Florida. Jirani zako hawakutayarishii chochote. Nijuavyo mimi, kitakachokusumbua Wiyoni ni maji ya bahari kupanda, vitu vinavyorushwa na upepo, na siku mbili tatu za kukatikiwa na stima, boti na dawa. Hayo unaweza kuyatayarishia bila kutumia pesa nyingi, mradi uyafanye hewa ikiwa bado shwari.

Nianze na jirani, kwa sababu hoja yao ina msingi. Kimbunga hula joto la bahari. Maji ya juu yakifika nyuzi 26 au 27, mvuke mwingi hupanda, hewa ya pembeni hukimbilia kujaza nafasi, na kule kuzunguka kwa dunia huipinda hewa hiyo hadi inaanza kujizungusha. Joto hilo Bahari Hindi tunalo tele. Tulichopungukiwa ni hiyo nguvu ya kupinda: kwenye ikweta ni sifuri, huongezeka kadiri unavyoiacha ikweta. Ndiyo maana vimbunga vingi huzaliwa nyuzi 5 au zaidi kutoka ikweta, na kinachosogea kuja kwetu kwa kawaida hulegea kabla hakijatukuta. Lamu iko nyuzi 2 na kitu kusini. Florida iko nyuzi 25 hadi 31 kaskazini, katikati ya njia yao kabisa. Kakako anapohama anafanya la busara kwa pale alipo.

Lakini kutopigwa na kitovu, yaani katikati ya kimbunga, si kupona na kimbunga. Mwaka 2024, mwezi wa Mei, tulipata somo mara mbili. Kimbunga Hidaya kilikuja kutoka kusini mashariki, kikadhoofika, kikatua kisiwa cha Mafia, Tanzania, tarehe 4. Wiki mbili na siku kadhaa baadaye ikaja Ialy, ambayo haikutua kwetu. Ilipita baharini mashariki mwa pwani ya Kenya ikielekea upande wa Somalia, na upepo na mawimbi yake tuliyaona. Ukishuka kusini hali huwa nzito zaidi: Kenneth iliipiga kaskazini ya Msumbiji Aprili 2019, Lindi ilipigwa 1952, na Unguja ilivunjwavunjwa 1872, minazi na mikarafuu ikalala chini. Kaskazini yetu nako, Novemba 2020, Gati iliingia Puntland, Somalia. Sisi tumekaa katikati ya hayo, ukingoni. Ukingoni kuna nafuu, lakini si pahali pa kulala mlango wazi.

Jambo jingine la kuweka akilini ukisoma hizo jumbe: katika bahari yetu dhoruba hupewa jina upepo wake ukifika kilomita 63 kwa saa. Huitwa kimbunga kamili ukifika 118. Kwa hiyo kusikia jina si kusikia kimbunga. Lakini kilomita 63 kwa saa, juu ya paa la makuti lililochoka na boti iliyotia nanga mahali pa wazi, zinatosha kukuharibia.

Upepo utatoka wapi, na bahari itapanda lini

Hapa nitakaa kidogo, maana video za Florida haziwezi kukuonyesha. Upande wetu wa dunia, dhoruba hizi huzunguka kwa mwendo wa akrabu za saa. Ikiwa kitovu kiko baharini mashariki yako, kama Ialy, wewe uko upande wake wa magharibi, na hapo upepo huvuma kutoka kusini. Yaani ni kusi (upepo wa msimu utokao kusini) juu ya kusi, na mawimbi yanayoingia kwa nguvu kutoka bahari kuu. Ikiwa kitovu kinatua kusini yako, kama Mafia, wewe uko upande wa kaskazini wake, na upepo huelekea kutoka bara kwenda baharini. Bahari haitakupandia sana, ila boti iliyolegea itasukumwa nje, na mvuvi aliye mbali atapigana na upepo wa mbele akirudi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kitovu kutua kaskazini yenu, tuseme pande za Kiunga au Somalia ya kusini. Ni nadra sana, lakini hapo ndipo upepo unapoyasukuma maji moja kwa moja kuja ufuoni. Karibu na ikweta mambo hayanyooki kama mstari wa rula, na pepo za msimu huchanganya, lakini ukijua kitovu kiko upande gani tayari unajua swali la kuuliza.

Sasa changanya na bamvua, zile siku maji hujaa na kutoka kuliko siku nyingine. Maji ya Lamu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua, na mumeo anajua kuliko mimi kwamba bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwamba siku hizo maji hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na jioni. Dhoruba ikija siku za maji mafu, yaani yasiyojaa sana, ufuo una nafasi ya kumeza mawimbi. Ikija bamvua na maji yamejaa, hakuna nafasi iliyobaki. Kwa hiyo ukisikia dhoruba, angalia tarehe ya mwezi kabla hujaangalia kitu kingine.

Nifanyie kazi moja ndogo. Bamvua lijalo, maji yakijaa kabisa, toka na kipande cha makaa ukaweke alama yalipofika, kwenye ukuta au shina lililo karibu. Kisha chukua mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule wa fundi, ujaze maji, ushikilie ncha moja kwenye alama na nyingine mlangoni kwako. Maji ya pande zote mbili hukaa usawa mmoja, hivyo utaona kizingiti chako kiko juu ya alama kwa kiasi gani. Kama ni chini ya kimo cha mtu mzima kiunoni, mimi singemlaza mama chini usiku wa dhoruba. Hicho ni kipimo changu cha tahadhari, si cha sheria. Watu hudhani upepo ndio muuaji, lakini kote vimbunga vinakopiga, hata huko Marekani, maji huua wengi kuliko upepo.

Mbao, madirisha na paa

La kuacha dirisha wazi, mwambie kakako kwa upole kwamba wataalamu wa kwao wenyewe waliliacha zamani. Nyumba haipasuki kwa hewa kubanwa ndani. Nyumba zetu zina mianya mingi mno kwa hilo. Upepo ukipata uwazi wa kuingilia, huinua paa kutoka chini huku mwingine ukilivuta kutoka juu. Funga yote. Madirisha ya mbao ya kikwetu yenye makomeo mazuri hayahitaji plaiwudi. Kaza bawaba, tia komeo, pigilia kipande cha ubao kwa ndani kwenye lile lililolegea. Kama una dirisha la kioo linalotazama bahari, hilo lizibe kwa nje kwa ubao wowote mzito. Kubandika selotepu msalaba juu ya kioo ni kupoteza selotepu. Kioo huvunjika vilevile, ila vipande huanguka vikubwa.

Paa ndilo la kutazamwa kwa makini. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo wake. Upepo ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, nguvu inayolisukuma paa huwa mara nne. Ndiyo maana paa lililovumilia miaka mingi ya kusi huondoka usiku mmoja, na mwenyewe akabaki anashangaa.

Umeniuliza bila kuuliza kama makuti uyabadilishe mabati. Kwa sababu ya kimbunga pekee, mimi nasema usiharakishe. Makuti huachia, hupeperuka kandakanda, na yakimwangukia mtu hayamkati. Bati lililong'oka upande mmoja hupiga paa lako mwenyewe, na likitoka ni panga linaloruka mtaani. Ubaya wa makuti ni kwamba mvua ikiingia mara moja, kila kitu juu kimelowa, na moto nao una hatari yake. Yakague hivi: panda na fundi, shika kila pau uitikise. Tazama kamba pale zinapozunguka boriti. Kamba iliyozeeka huonekana nzima, lakini ukiisugua kwa kidole gumba hutoka unga. Hapo funga upya. Anzieni kilele cha paa na kingo, maana upepo hufungulia hapo. Ukiwa na wavu mkuukuu wa mumeo, utandazeni juu ya paa na kuufunga chini kwenye vyuma au boriti zilizoshikwa na ukuta. Msiuning'inizie mawe, jiwe linaloning'inia kwenye dhoruba ni balaa jingine.

Jiko la mabati hapo uani ndilo linalonitisha kuliko makuti. Hesabu misumari kwenye kingo na pembe, ongeza palipo na nafasi pana, badilisha iliyochomoka kidogo kichwa. Miti ya paa ifungwe kwa waya mnene au ukanda wa chuma hadi ukutani, siyo kuegemezwa tu. Halafu safisha ua. Mabati ya akiba, mbao, ndoo, viti vya plastiki, paneli ya sola isiyofungwa, vyote viingie ndani. Tangi la maji lililo juu lijazwe, kwa sababu tangi tupu ndilo linaloruka. Kama jengo linalolibeba lina nyufa, lishusheni mapema, msilijaze.

Wakati mmefunga milango na madirisha, kuna jambo moja nawaomba mlishike wote, mpaka mtoto mdogo: jiko la makaa lisiingie ndani, wala jenereta, wala hata barazani karibu na dirisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huhisi kichwa kizito na usingizi, akadhani ni uchovu wa usiku, na haamki. Pikeni kabla upepo haujakaza. Usiku wa dhoruba kuleni mkate, tende, mahamri yaliyopikwa mchana, viazi vilivyochemshwa. Mtungi wa gesi fungeni kichwani, siyo kwenye jiko peke yake. Stima izimeni kwenye swichi kuu kama maji yanakaribia kuingia, na kama mmesimama majini msiiguse kabisa.

Mokowe au nyumba ya mtu mjini?

Kuvuka Mokowe si wazo baya. Ni wazo lenye saa yake. Mkivuka siku moja au mbili kabla, bahari ikiwa tulivu na mna watu wa kuwapokea, sawa. Mkivuka upepo umeshaanza, na mama asiyeweza kujishika na watoto wanne kwenye boti iliyojaa watu wenye hofu kama yenu, mtakuwa mmeikimbia hatari ndogo mkaifuata kubwa. Na ukumbuke, Mokowe nako kuna ufuo. Kuvuka tu hakukupi usalama. Usalama ni kuwa juu, mbali na maji, ndani ya jengo imara.

Kwa hali yenu ningetafuta kwanza nyumba ya jamaa ndani ya mji, Mkomani au Langoni juu juu, nyumba ya mawe yenye kuta nene na chumba cha ghorofa ya kwanza. Vichochoro vile vyembamba huvunja upepo, na mbele ya nyumba kuna nyumba. Lakini siyo kila nyumba kongwe ni imara. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji, mvua za siku nyingi huufanya mzito, na boriti za mkoko zilizooza mwisho wake, pale zinapoingia ukutani, hazionekani mpaka dari lishuke. Kabla hamjakubaliana kulala huko, angalieni dari. Palipopinda, palipo na doa jipya la maji, palipo na ufa unaopitisha kidole, pasilale mtu. Kwa hilo tafuta fundi wa nyumba za mawe aje atazame kwa macho. Picha ya simu haitoshi, na mimi siwezi kukuamulia kutoka hapa.

Uamuzi wenyewe uufanye leo, siyo siku ile. Mtazungumza na jamaa, mtakubaliana ishara. Kwa mfano: Idara ya Hali ya Hewa ikitoa onyo la upepo mkali na mawimbi kwa Lamu, na kama ni siku za bamvua, mama na watoto wanahamia mjini mchana ule ule kabla ya maji ya jioni. Panga pia nani atampeleka mama. Kwa miguu hawezi, na gari hakuna, kwa hiyo ni punda au kiti cha kubebwa, na mwenye punda aambiwe mapema, maana siku hiyo kila mtu atamtaka. (Punda nao msiwafungie kwenye kibanda kibovu. Wapelekeni palipoinuka, muwalegeze kamba.)

Boti

Mwambie shemeji maneno haya kwa niaba yangu, hata akikunja uso. Onyo likitoka, boti isitoke, hata kama asubuhi bahari inaonekana kama sahani. Mawimbi makubwa ya dhoruba iliyo mbali hufika kabla ya upepo wake, na hufika kukiwa na jua. Boti ndogo ivutwe nchi kavu, juu kabisa kupita alama yako ya makaa, ifunguliwe mashine na kulazwa au kufungwa mitini. Kubwa isiyovutika ipelekwe kwenye mkono wa bahari wenye mikoko pande zote. Mikoko huvunja wimbi na kuishika boti. Nanga mbili, na amari, yaani kamba ya nanga, iwe ndefu. Amari fupi huinua nanga kila wimbi linapopita, mpaka inang'oka. Urefu usiopungua mara saba ya kina cha maji, kikipimwa maji yakiwa yamejaa, ndio wanaopendekeza mabaharia. Mashine, mafuta na nyavu vishuke. Na asilale ndani kuilinda. Huko nimepoteza watu ninaowajua kwa majina, na hakuna boti iliyookolewa na mtu aliyelala ndani yake.

Insulini ya mama

Hapa nataka uondoe hofu moja na ubaki na nyingine. Ya kuondoa: stima ikikatika siku mbili, dawa haiharibiki papo hapo. Chupa au kalamu iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida hutumika takriban wiki 4 bila friji, mradi joto lisizidi kile kilichoandikwa kwenye kijikaratasi chake, mara nyingi nyuzi 25 au 30. Lakini Lamu chumba hupita nyuzi 30 bila shida. Kwa hiyo tengeneza baridi ya udongo. Chukua vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi, kimoja kiingie ndani ya kingine, katikati jaza mchanga, umwagilie maji asubuhi na jioni. Dawa iingie kwenye mfuko mkavu uliofungwa, ndani ya chungu cha ndani, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini pahali penye hewa. Maji yakikauka taratibu hunyonya joto. Siku za unyevu mwingi hupoa kidogo tu, kwa hiyo ijaribu sasa ukiwa na kipimajoto, siyo usiku wa dhoruba.

Barafu ya samaki usiitumie kwa kuigusisha na dawa. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Ile iliyopaswa kuwa angavu ikawa na ukungu au mabonge, usimdunge.

Hofu ya kubaki nayo ni kuishiwa. Barabara ya Garsen kuja Lamu hukatika mto Tana ukifurika, na boti zisipovuka, dawa haziji. Nenda kwa daktari au mfamasia wake wiki hii, uombe akiba ya wiki 2 za ziada, sindano, na vijiti vya kupimia. Umuulize pia afanyeje siku akila kidogo, kwa sababu kipimo kile kile cha dawa juu ya tumbo tupu humwangusha. Sukari au soda tamu iwe karibu naye usiku. Na akianza kutapika bila kukoma, kuhema kwa nguvu, au pumzi yake ikanuka kama matunda yaliyoiva sana, msingoje dhoruba ipite: apelekwe hospitali ya King Fahd mara moja. Kama siku zile mama hali yake si nzuri, sababu hiyo peke yake inatosha kuhamia karibu na hospitali kabla upepo haujaanza.

Maji ya kunywa

Kakako amesema kweli kuhusu kuhifadhi maji. Hesabu lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Mko saba, kwa siku tatu ni lita 84, yaani madumu matano ya lita 20 yaliyojaa, yenye vifuniko, yakae juu ghorofani. Ya kuoga na chooni weka mbali.

Visima ndivyo wengi husahau. Maji ya bahari yakiingia kisimani au choo cha shimo kikifurika, kisima kinaweza kuonekana kisafi na kisiwe. Kuchemsha mpaka yatokote dakika moja huua vijidudu. Dawa ya maji ya dukani hufanya vivyo hivyo ukifuata kipimo cha kwenye chupa. Chumvi haiondolewi na kimojawapo. Kisima kilichogeuka chumvi ni cha kusafishia tu mpaka kipumzike. Mtoto akiharisha maji maji kama ya mchele, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti njiani, huku mnampeleka kituo cha afya.

Habari za kuamini

Ujumbe wa WhatsApp usio na tarehe usiufanyie kazi. Uulize mambo matatu: kitovu kiko wapi sasa, kinaelekea wapi, na nani amesema. Anayesema kwetu ni Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na inayafuata mambo pamoja na kituo cha Réunion kinachofuatilia vimbunga vya upande huu wa bahari. Njia ya kimbunga hutabirika vizuri siku mbili au tatu mbele. Zaidi ya hapo ni mwelekeo tu, na kubadilika kwake si uongo wa mtabiri. Uwe na redio ya betri, tochi, na simu iliyojazwa, maana mtandao huanguka pamoja na stima. Vitambulisho, vyeti vya watoto na karatasi za hospitali za mama viingie mfuko mmoja wa nailoni.

Upepo ukinyamaza ghafla katikati ya usiku, msitoke mara moja. Kwetu kuna uwezekano mdogo kwamba mko kitovuni na upepo utarudi kutoka upande wa pili, lakini hata bila hilo, maji hujaa baada ya upepo kutulia na waya za stima huwa zimelala madimbwini. Waya ulioanguka usikaribiwe, awe amekwambia nani kwamba umekufa. Pigeni Kenya Power 97771. Mtu akiumia, au mkizingirwa na maji, Msalaba Mwekundu ni 1199, simu haina malipo, au pigeni 999. Halafu kabla watoto hawajarudi kulala juu, fundi yule yule apande tena kwenye makuti, na kwenye lile bati la jikoni.